Mama Afi na Mstari wa Sinema

Watu wanadhani kustaafu ni kwa wazee wenye mvi. Mi nimestaafu na miaka thelathini na moja, mtoto wa pili mgongoni, na barua ya mistari mitatu mkononi. Barua inasema nilichelewa kazini mara nyingi mno. Sababu ya kuchelewa nitaieleza kule mwisho, na mtakapoifikia msicheke mbele yangu, juu mi bado sijacheka.

Ninawaandikia nyinyi wasichana watatu mliochukua kazi yangu ya kuzunguka masoko ya Kolwezi na kuandika bei. Mlikuja kwangu mtaa wa Kapata mkaniuliza, "Mama Gloire, hii kazi banaifanya namna gani?" Niliwajibu vibaya kwa sababu nilikuwa nafua. Sasa nimekaa, nimechukua daftari la Gloire la hesabu lenye kurasa tupu nyuma, najibu vizuri. Lakini msidhani ni wema mtupu. Nataka kitu kimoja. Kwenye karatasi yenu ya bei kuna mstari wa arobaini na moja, ule wa maji. Shefu mpya wa ofisi anataka muweke kistari pale, mwezi hadi mwezi, mpaka siku moja waseme mstari huu hauna kazi, ufutwe. Msikubali. Nyinyi hamjui mstari ule ulifika namna gani. Mi nilikuwepo, na mtu aliyeuleta hakuwa hata wa hapa kwetu.

Mlimkuta siku ya sherehe yake ya kuagwa, mkamwona ni mama mzee mnene anayekula pilipili na keki. Huyo ndiye Mama Afi. Alizaliwa Togo, akasoma uchumi, akafanya kazi miaka mingi katika wizara moja kule Lomé. Akaolewa na mwanaume wa asili ya Kasai, mtoto wa Kapata hapa, aliyekwenda kusoma kwao. Akamfuata. Jimbo lilipotafuta mtu wa kusimamia bei walikuja wanaume wengi wenye kravati, na mwanamke mmoja mwenye chupa ya nusu lita ndani ya mkoba. Sijui kwa nini walimchagua mwenye chupa. Labda siku hiyo mwenye kuchagua alikuwa na haraka.

Siku yangu ya kwanza nilifika na diploma ya sekondari, viatu vya kuazima, na Gloire wa miezi mitatu mgongoni. Tulikuwa watu wanane kwa nafasi moja. Mama Afi alitoka na meka, lile bakuli la bati ambalo kila mwenye kuuza unga analo, akaliweka juu ya meza. Kiswahili chake kilikuwa kama tangazo la kanisani, kila neno limepigwa pasi.

"Hii ni ngapi?" akauliza.

Wote wakajibu, "Ni meka moja, Mama."

"Sikuuliza jina lake. Nimeuliza ni ngapi."

Gloire akaanza kulia, hasira ikanipanda kama kawaida yangu. Nikasema, "Mama, meka ni meka. Nani asiyejua meka? Kama haujue, muulize mama yako mukwe."

Nilijua nimejiharibia. Nikaanza kufunga kitenge vizuri niondoke. Mama Afi akacheka mpaka akavua miwani. "Nilimuuliza," akasema. "Hata yeye hajui. Wewe baki, wengine asanteni." Baadaye alinieleza kwamba hakutafuta mwenye akili. Alitafuta mtu ambaye wauza samaki hawatamtisha.

Akanifundisha kama alivyofundishwa yeye. Kazi yake ya kwanza kule Lomé walimtuma soko kubwa na kalamu na karatasi. Mama wauza vitenge wakampa kigoda, wakampa maji, wakamsifu nywele, wakamuulizia ndoa. Akakaa mpaka jua likapungua, hana bei hata moja. Jioni mmoja akamhurumia: "Binti, umenunua nini tangu asubuhi?" Tangu siku hiyo, kila soko anapoingia ananunua kitu kwanza, hata kitunguu. Nami nikafanya hivyo. Miaka minane nyumba yangu haikukosa kitunguu, hata siku ambazo ilikosa kitu cha kupika nacho. Kwa hiyo la kwanza: nunua kwanza, kalamu itoke mwisho. La pili: fika saa ileile kila mara, juu nyanya ya asubuhi na nyanya ya saa kumi si ndugu. La tatu nitawapa kwa hadithi ya aibu yangu mwenyewe.

Mwenye kuuza unga soko la Kapata ni Mama Mbuyi, mnamjua, sauti yake inafika Dilala. Miezi mitano mfululizo niliandika bei yake ya meka bila kubadilika. Nilijivuna. Ofisini wakasema unga umetulia. Mama Afi peke yake akakunja uso. "Mwanangu, wewe unakula unga huo?" Nakula. "Mfuko wa nyumbani unakwisha siku ileile kama zamani?" Nikafikiri. Haukuwa unakwisha siku ileile. Ulikuwa unakwisha mapema, na mi nilikuwa namlaumu shemeji yangu.

Kesho yake tukaenda wote wawili. Mama Afi akanunua kitunguu kwa jirani, kisha akamwomba Mama Mbuyi meka yake, akatoa chupa.

"We mama," Mama Mbuyi akasema, mikono kiunoni, "unataka kutia mayi mu meka yangu ya unga? Unga ikilowana, utaikula weye?"

"Nitaikula," Mama Afi akajibu. "Nitanunua yote."

Akamimina chupa moja, mbili, tatu, akisoma mahali maji yalipofika. Kisha akaligeuza bakuli chini juu. Kitako kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani kama tumbo la mwenye njaa. Bei ilikuwa ileile. Unga ndio ulikuwa umepungua, na mi mwenye diploma sikuona kwa sababu nilikuwa naangalia mdomo wa Mama Mbuyi, siangalii mkono wake.

Nilitegemea matusi. Mama Mbuyi akavuta kigoda akakaa. "Sikia, mama mugeni. Gunia njo imepanda. Nikipandisha bei, bamama bananitukana mbele ya bantu. Nikigonga meka, banarudi ku nyumba, bananitukana mu chumba. Weye ungefanya nini?"

Mama Afi akasema "Akpe", ambayo kwa lugha ya kwao ni aksanti, akaandika maneno yale yote kwenye kijitabu chake. Tangu hapo alimwita Mama Mbuyi "Profesa" na hakununua unga kwa mtu mwingine. Walikuwa wakigombana tu juu ya chakula. Mama Afi alisema bukari, huu ugali wetu, ni ngumu kama tofali, ya kwao inaitwa akume na ni laini. Mama Mbuyi alimjibu kwamba kitu laini ni cha wagonjwa. La tatu, basi: pimeni chombo. Kila mwezi. Bei bila chombo ni uvumi.

Sasa angalieni namna maji yalivyoingia. Kupima meka kunataka maji. Chupa ya Mama Afi ilikuwa inakwisha kwenye vyombo vya kwanza, na soko lina vyombo vingi. Akaniambia, "Nenda nyumba ile, omba maji kidogo." Nikaenda. Mwenye nyumba, mama mmoja mwenye kulea wajukuu, akanikodolea macho.

"Ya bule? Binti, hata muzee yangu akiomba mayi ya kuoga, namuuliza kwanza alikuwa wapi."

Nikarudi nikamsimulia Mama Afi, nikidhani atacheka. Hakucheka. Akauliza, "Kwani maji hapa mnanunua?" Mi nikashangaa swali; yeye alikaa mjini, kwenye mabomba. Nani hanunui? Nyumba hizi za Kapata zilijengwa na kampuni ya migodi zamani, na mabomba yake ndani. Babu yangu alifungua bomba kama anavyofungua mlango. Kampuni ikadhoofika, mabomba yakakauka, na mama yangu akaanza kununua kwa bidon, haya madumu ya njano, kwa watu wa baiskeli, wanaoyaleta kutoka mbali. Mi nimezaliwa nikikuta hivyo. Sikujua ni habari.

Mama Afi akakunjua karatasi ya bei pale pale juu ya mfuko wa unga. Ilikuwa inatoka Kinshasa imeshachapwa, mistari sitini, na iliandikwa zamani, wakati wa mfanyakazi wa kampuni mwenye mshahara na Jumapili yake. Mkate ulikuwepo. Dawa ya kung'arisha viatu ilikuwepo. Wembe, bia, tiketi ya sinema. Maji hayakuwepo. Na huo haukuwa mzaha wa karatasi. Mabomba ya jamii yalikuwa yakiwekwa kwa kufuata muhtasari wetu, na muhtasari ulisema: Kapata, bei ya maji, hakuna. Mama Afi alikuwa kwenye mkutano pale mkubwa mmoja aliposoma kwa sauti kwamba watu wa Kapata hawanunui maji, kwa hiyo wanayo, kwa hiyo bomba liende kwingine.

Akaandika barua Kinshasa kuomba mstari wa maji. Akaandika ya pili. Ya tatu ikajibiwa: maji ni huduma ya serikali, si bidhaa ya soko. Nakala alizitia kwenye jalada la bluu. Alikuwa na tabia hiyo ya kutunza nakala, alisema ameipata Lomé chini ya mawaziri wanne tofauti, na wote walimkana.

Mi wakati huo nilikuwa bado mtulivu. Kisha ikafika Septemba, mwezi ule vumbi linakaa hata kwenye chumvi. Mtu wa baiskeli akapandisha bei ya bidon mara mbili katika juma moja. Baba Gloire alikuwa Fungurume anatafuta kazi, simu yake haipatikani. Nikafanya kile ambacho mama wote wa Kapata wamewahi kufanya na hawatakiri. Nilishuka kwenye lile shimo chini ya machimbo ya wachimbaji wadogo, nikachota maji yaliyotulia, nikayachuja na kitambaa, nikayachemsha. Yalikuwa na rangi kidogo. Nikajiambia ni kivuli.

Gloire alikuwa na mwaka na nusu; aliyanywa, na ndiyo niliyomwogeshea. Alilala hospitali siku tisa. Ngozi ilimtoka mikononi na tumbo halikushika kitu. Daktari aliniuliza amekunywa nini, na mi mwenye kuuliza watu maswali kila siku nikadanganya. Alipona. Naandika haraka hapa kwa sababu mpaka leo sipendi kukaa kwenye ukurasa huu.

Nilirudi kazini na karatasi ya mwezi. Nikaingia kwa Mama Afi bila kugonga nikaitupa mezani.

"Soma! Soma kitu nimeandika! Bei ya dawa ya biatu, iko. Bei ya wembe, iko. Tiketi ya sinema, kistari, kila mwezi kistari! Mutoto yangu amelala hospitali juu ya mayi, na mayi haiko hapa! Basi hii karatasi ni ya bantu gani? Bale benye kung'arisha biatu na kwenda sinema?"

Ofisi nzima ilisikia. Mama Afi akaniacha nimalize, kisha nikashangaa nilipoona hanijibu mimi, anasoma karatasi.

"Sinema iko wapi Kolwezi?" akauliza.

"Haiko! Ilifungwa mi sijazaliwa."

"Kwa hiyo mstari wa arobaini na moja ni mtupu."

"Ni mutupu tangu zamani."

Akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha kichwa, akaivaa. Akachukua kalamu, akaniuliza bei ya bidon ya juzi, akaiandika kwenye mstari wa tiketi ya sinema. Pembeni, kwa herufi ndogo zilizonyooka, akaandika: "Soma: maji, bidon ya lita ishirini, Kapata." Akatia sahihi.

"Mama, hiyo ni uongo," nikasema. Hasira ilikuwa imenitoka kwa mshangao.

"Uongo ni kistari," akasema. "Mimi nimeandika pembeni ni nini. Mwenye macho atasoma."

Hakuna aliyesoma. Hilo ndilo jambo ambalo wachumi wangeweza kuliandikia kitabu. Mwezi hadi mwezi, kiangazi na masika, mi nilienda kwa watu wa baiskeli, nikanunua bidon kwanza, nikauliza bei, Mama Afi akaandika pembeni maneno yaleyale na sahihi, na karatasi ikaenda Kinshasa. Mashine yao ilikuwa inachukua namba na kuacha pembeni. Baada ya mwaka mmoja tukapata taarifa yao iliyofungwa vizuri na jalada la plastiki. Mama Afi akaisoma, halafu akaniita, akanionyesha kwa kidole.

Iliandikwa kwamba Kolwezi ina ongezeko kubwa la gharama za burudani, hasa miezi ya kiangazi.

Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. "Banapenda filamu sana hawa bantu ba Kapata," nikasema, "hata kuoga hawataki." Mama Afi alikuwa ameshika tumbo. Kisha tukaacha kucheka kwa wakati mmoja, na yeye akasema polepole, "Hata namba ikipiga kelele hawainui kichwa." Nilimwona siku hiyo amechoka. Alikuwa mbali na kwao, mume wake alikuwa ameshakufa, angeweza kurudi Lomé akale akume yake laini. Nikamuuliza kwa nini harudi. Akasema, "Nirudi na hadithi ya sinema? Ngoja kwanza nijue mwisho wake."

Mwisho ulikuja na kravati. Baada ya kiangazi cha tatu, mtu huko Kinshasa hatimaye aliinua kichwa. Barua ikauliza: ni jumba gani la sinema Kolwezi linalopandisha bei kiasi hicho, na je, lina kibali? Mkaguzi anakuja. Shefu wetu wa wakati ule akaugua malaria siku hiyohiyo. Mkaguzi akatua, mtu mpole, mwembamba, viatu vimeng'arishwa vizuri sana. Mi nikaviangalia nikafikiri, basi kumbe yupo kweli yule mtu wa kwenye karatasi.

"Nataka kuona hiyo sinema," akamwambia Mama Afi.

"Utaiona, Tata. Lakini hapa inaanza mapema. Tutakufuata saa kumi na moja alfajiri."

Tulimpeleka Kapata, pale ambapo watu wa baiskeli wanauza maji. Kulikuwa kumepambazuka kidogo. Bidon za njano zilikuwa zimepangwa kuanzia kwenye baiskeli mpaka nyuma ya kanisa, kila moja na alama ya mwenyewe: moja imefungwa kitambaa, nyingine ina jiwe juu, nyingine ndala moja. Wenyewe walikuwa wamekaa kando na vitenge mabegani. Mkaguzi akatembea kuelekea mbele ili aone vizuri, na hapo Mama Mbuyi akamwamkia kwa namna yake.

"We tata wa kravati! Bidon yako iko wapi? Hapa hakuna kuingilia mbele!"

"Mimi ni mkaguzi," akasema.

"Hata mukaguzi anakunywa mayi. Rudi nyuma!"

Akarudi nyuma. Naapa kwa watoto wangu, alirudi nyuma, akasimama nyuma ya ndala moja. Akamgeukia Mama Afi. "Sinema iko wapi?"

"Umesimama ndani yake," Mama Afi akasema.

Aliposhika maana, uso ulimbadilika. Akasema hilo ni kosa kubwa, ni kuharibu takwimu za taifa, mtu anaweza kufukuzwa kwa hilo. Mama Afi akafungua jalada la bluu, pale foleni, na kumwonyesha nakala za karatasi, moja baada ya nyingine, kila moja na maneno yake pembeni na sahihi. Na zile barua tatu nyuma yake.

"Niliwaambia kila mwezi," akasema. "Nionyeshe mwezi mmoja mliosoma."

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alizisoma zote, amesimama, akiinua mguu mmoja kisha mwingine. Jua likapanda. Foleni ikasogea hatua mbili. Akasema ana kiu, na mtu wa baiskeli akamuuzia kikombe. Alitaka kulipa kidogo na akaambiwa bei, akainua macho. Nikamwonyesha Gloire, aliyekuwa ameshasimama kwa miguu yake, ameshika sketi yangu, na mikono ile yenye makovu. Sikumwambia kitu. Hiyo ndiyo mara moja katika maisha yangu ya kazi niliyonyamaza, na nasikia ilisaidia.

Alikaa masaa matatu na nusu. Bidon aliyoinunua ili aandike bei mwenyewe hakuwa na pa kuipeleka, akanipa mimi. Nilioga vizuri siku hiyo.

Karatasi mpya ilichukua muda, mnawajua wa Kinshasa. Ilifika juma lile Mama Afi anaagwa. Tulikuwa na soda na keki, na Shefu mpya, huyu wenu, alikuwa anatoa hotuba juu ya mama mwenye bidii. Mlinzi akaleta bahasha, Mama Afi akaifungua huku hotuba inaendelea, akahesabu mistari kwa kidole mpaka arobaini na moja. Ilikuwa imechapwa, herufi zilezile za mashine: Maji, bidon ya lita ishirini. Akanipa nisome. Nikasoma. Nikasoma tena.

"Lakini wameitoa sinema," akaninong'oneza. "Siku wakijenga sinema hapa Kolwezi, tutaiandika wapi?"

"Tutaiandika ku mayi, Mama."

Alicheka akapaliwa na keki, na watu wakadhani analia kwa sababu ya hotuba.

Sasa ile barua yangu ya mistari mitatu. Baada ya mstari, Kapata ikapata bomba. Moja. Linatoa maji asubuhi za siku mbili katika juma, likitaka. Wakati wa Mama Afi nilikuwa naamka mapema kupanga bidon yangu, naandika bei hapohapo foleni, naingia ofisini saa tatu na kazi imeshafanyika. Yeye alisema foleni ndiyo ofisi yangu ya kwanza. Shefu mpya ameweka daftari la kufika saa moja na nusu. Mara zote nilizochelewa ziko pale, na kila moja ni siku ya foleni. Nimefukuzwa kwa kuchelewa kwa sababu nilikuwa nasubiri maji, na mtu aliyenifukuza anasema Kapata hakuna tena tatizo la maji. Haya, mmefika. Nimewaambia msicheke.

Debora, wewe uliyekuja Alhamisi, nakuandikia wewe hapa. Ulinikuta tena nafua. Hukununua hata kitunguu. Ulitoa kalamu kwanza, ukasema, "Mama Gloire, Shefu anasema ku Kapata sasa kuko bomba, njo tuweke kistari." Sikukupiga. Nilikushika mkono nikakupeleka mpaka kwenye bomba, nikakwambia ufungue mwenyewe. Likakohoa. Likatoa hewa, likatoa mchanga kidogo, likanyamaza. Na nyuma yako zilikuwepo bidon zote, yangu ikiwemo, na kitambaa, na jiwe, na ndala.

Ukaenda kwa mtu wa baiskeli, ukanunua kikombe, ukakinywa chote, ukamuuliza bei ya bidon. Kalamu ilikataa, ukaipuliza, ukaandika. Nilikuangalia mkono mpaka ukamaliza.

Simu yangu ikalia hujafika hata barabarani. Mama Afi ananipigia kutoka Lomé kila mwezi siku ya karatasi, hajawahi kusahau.

"Mstari wa arobaini na moja?" akauliza.

"Umeandikwa, Mama. Binti muzuri, lakini hanunui kitunguu."

"Akpe. Na wewe, umepata maji?"

Niliangalia mbele, nikahesabu bidon zilizonitangulia.

"Bado niko foleni, Mama," nikamwambia. "Sinema haijaanza."